Kisigino cha Mpagazi

Kutoka Mwaya, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hadi Tukuyu ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Ziwa limelala chini kwenye joto na mpunga wa Kyela. Tukuyu iko juu kwenye ukungu, ubavuni mwa Mlima Rungwe. Apandaye na mzigo kichwani hukanyagia vidole, tafu zikimvutika kama kamba ya ndoo kisimani. Ashukaye hupigilia visigino, na kila hatua humrudia gotini. Mwaka 1916 wanaume maelfu kwa maelfu walipanda na kushuka nyanda hizi, kila mmoja na ratili 50 au 60 kichwani: risasi, unga, nyaya za simu, masanduku ya dawa ambazo hazikuwa zake.

Walikuwa wakilibebea jeshi la Jenerali Edward Northey, lililotokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kuja kuwafukuza Wajerumani. Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu Langenburg, ilitwaliwa mwishoni mwa Mei. Julai wakapigana Malangali. Tarehe 29 Agosti wakaingia Iringa. Oktoba, jeshi la Jenerali Kurt Wahle lililokuwa likirudi nyuma kutoka Tabora likatokea upande wa magharibi na kuishambulia Iringa hiyohiyo, na Novemba kikosi kimoja cha Wajerumani kikasalimu amri Ilembula. Vitabu vya vita huzipanga tarehe hizi kana kwamba majeshi yaliruka kutoka mji hadi mji. Hayakuruka. Reli haikufika huku, mbung'o na magonjwa viliwamaliza ng'ombe na farasi, na magari yalikuwa ya kuhesabu. Kila risasi iliyolia Malangali ilifika pale juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo alisimama juu ya nyayo zake mbili.

Nyasaland waliwaita tengatenga. Dar es Salaam na Nairobi jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, liligeuka likawa Kariakoo na Kariokor, na masoko yakabaki nalo hadi leo. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki, Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja. Rekodi zao wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliopitia hesabu hizo upya wamekadiria karibu 100,000. Kuhara damu na kichomi ndivyo vilivyoandikwa zaidi kama visababishi. Mguu haukuandikwa sana, maana mguu hauui upesi. Humchelewesha mtu kwanza, na aliyechelewa nyuma ya msafara, kwenye baridi ya milima ya Uporoto bila blanketi na bila posho, alikutwa na kichomi akiwa peke yake.

Nimeanza na hao kwa sababu siku hizi yapo matibabu ya kisigino, ya kano na ya muundi yanayoitwa mawimbi ya mshtuko. Matibabu hayo yana historia yake, na ilianzia Ujerumani. Lakini kisigino chenyewe kina historia ndefu zaidi hapa Mbeya na Iringa, na ya mashine haitoshi kusimuliwa bila ya mguu.

*

Miaka 61 kabla ya Northey kuingia Tukuyu, daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika juu ya jambo lililomtatiza. Askari vijana, wazima, ambao hawakuanguka wala kupigwa, walirudi kutoka kwenye mwendo mrefu wakiwa na uvimbe juu ya wayo na maumivu yasiyowaruhusu kukanyaga. Ilikuwa mwaka 1855. Breithaupt alidhani ni ala za kano zilizovimba, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuona ndani. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na miaka miwili baadaye daktari mwingine, Stechow, akapiga picha za nyayo za namna hiyo. Ndani ya uvimbe kulikuwa na mfupa mwembamba uliopata ufa. Haukuvunjwa na pigo moja. Ulichoshwa na mapigo madogo maelfu, ambayo kila moja peke yake halina dhara.

Hili ndilo fundisho la kwanza la mguu. Mfupa na kano ni vitu hai; kila siku hubomoka kidogo na kujijenga kidogo. Mtu akibeba, akapumzika, akala, mguu hukomaa. Akibeba bila kupumzika, ubomokaji huutangulia ujenzi, na hapo ndipo muundi huanza kuuma usiku, kano ya kisigino hunenepa na kukakamaa, na utando unaofunga unyayo kutoka kisiginoni hadi vidoleni huanza kuchanika nyuzi kwa nyuzi.

Maelezo ya Breithaupt yalikuwa yamekwisha andikwa Ulaya wakati Wajerumani walipoingia Uhehe. Yaliandikwa kwa ajili ya askari wenye buti. Mwaka 1891 Emil von Zelewski alipoongoza msafara kuja kumtiisha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, nyuma ya maaskari walifuata wapagazi kwa mstari mwembamba. Tarehe 17 Agosti, Lugalo, Wahehe waliwavamia wakiwa wamenyooka njiani, bunduki za rashasha zikiwa bado mgongoni mwa punda. Zelewski aliuawa, na maaskari zaidi ya 200 pamoja naye. Wapagazi karibu 100 walikufa siku hiyohiyo. Mnara uliosimama Lugalo unajulikana na kila dereva apitaye barabara kuu, ila ni wachache mno wanaojua kwamba katika kila watu watatu au wanne waliolala pale, mmoja hakuwa na silaha.

Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Kisha Mkwawa akawatembeza Wajerumani milimani na misituni kwa karibu miaka minne, hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 badala ya kutekwa. Vita ile ya pili ilikuwa vita ya miguu kwa pande zote mbili. Aliyewindwa alilala huku na kuamkia kule. Waliomwinda walimfuata kwa vikosi vidogovidogo, na nyuma ya kila kikosi, mizigo.

*

Katika miaka hiyohiyo aliingia adui mdogo kuliko punje ya mtama. Funza hakuwa wa Afrika. Alivuka bahari kutoka Brazil na meli iliyotia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872, akiwa ndani ya mchanga wa kutulizia meli na miguuni mwa mabaharia. Kutoka hapo alisafiri kama kila kitu kilivyosafiri wakati ule, kwa miguu ya watu. Alipanda Mto Kongo, akafuata misafara, akafika kwenye maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla karne haijaisha alikuwa Zanzibar. Alilivuka bara lote kwa takribani miaka 25, na kila hatua aliisafiri ndani ya kidole cha mtu.

Bibi zetu walijifunza kumtoa kwa sindano au mwiba bila kulipasua tumbo lake, na ujuzi huo unastahili heshima inayopewa ujuzi wowote wa tiba. Ila mpagazi hakuwa na bibi kambini, wala muda, wala sindano safi. Funza mmoja ni muwasho. Funza ishirini ni vidole vinavyooza, na mtu asiyeweza kukanyaga kwa vidole huhamishia uzito kisiginoni na pembeni mwa wayo, mahali ambapo mwili haukupangiwa kuubeba. Maumivu ya mguu yana tabia hiyo ya kuhama. Yanayoanza kwenye kidole huishia kwenye nyonga.

Baada ya vita likaja donda ndugu. Lilianza kwa mkwaruzo wa jiwe au wa jani la mkonge, karibu kila mara kati ya goti na kifundo cha mguu, likala nyama hadi muundi ukaonekana. Liliwapenda watu wenye njaa waliofanya kazi kwenye matope, na kazi ya namna hiyo ilikuwa tele. Miaka ya 1920 dhahabu iligunduliwa Lupa, huko Chunya, na mwaka 1927 mji wa Mbeya ukaanzishwa kwa sababu ya dhahabu hiyo. Wanyakyusa, Wasafwa na watu wa Nyasaland walichimba na kubeba mchanga mtoni. Wengine, hasa Wabena na Wakinga, walishuka Kitonga kwenda mashamba ya mkonge ya Kilosa na Tanga, wakiitwa manamba kwa sababu ya namba waliyoandikishiwa. Kabla wakala wa waajiri wa mkonge, SILABU, hajaundwa mwaka 1944 na kuanza kuwapakia kwenye malori na mabehewa, wengi walikwenda na kurudi kwa miguu. Mtu alifika kazini akiwa amekwisha choka mifupa, kisha ndipo akaanza kupimiwa kazi.

Madaktari wa mashamba waliyahesabu madonda, kwa kuwa donda lilimaanisha siku ya kazi iliyopotea, na kwa kuwa lilionekana. Kano iliyochakaa ndani ya ngozi nzima haikuonekana. Mtu aliyesema kisigino kinamchoma asubuhi aliitwa mvivu. Naandika hili kwa uchungu, maana ni maneno ambayo mtu bado anaweza kuambiwa leo.

*

Barabara ya lami ya kwenda Zambia ilipomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ilipopita Makambako na Mbeya, mizigo mikubwa ilishuka vichwani. Watu hawakuacha kusimama. Mchuma chai wa Mufindi na Rungwe husimama kutwa kwenye mteremko, mguu mmoja juu, mwingine chini. Mama wa ndizi na viazi pale Mwanjelwa husimama juu ya sementi. Mwalimu husimama ubaoni. Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, vijana wa milimani walithibitisha miguu yetu ina nguvu gani. Na kila mchezaji wa viwanja vya namna hiyo, vyenye udongo mgumu kiangazi na matope masika, anajua kuteguka na kuumwa muundi ni nini.

Nchi nayo ilikuwa ikijijengea tiba ya mifupa. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na mwaka 1981 pakaanzishwa hapo chuo cha TATCOT cha mafundi wa viungo bandia na viatu vya tiba, kilichofundisha wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea upasuaji Hungary, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza wa mifupa nchini, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Kwa mtu wa Makete au Ludewa, Moshi na Dar es Salaam vilikuwa mbali mno kuendewa kwa sababu ya kisigino. Alikanda kwa maji ya moto na chumvi, akafunga kitambaa, akaenda shambani.

*

Sasa twende Friedrichshafen, kusini mwa Ujerumani, kwenye kiwanda cha ndege cha Dornier. Miaka ya 1960 wahandisi wake walitaka kujua kwa nini ndege ziendazo kasi kuliko sauti hupata vijishimo zikipita kwenye mvua. Waligundua kwamba tone la maji, kwa kasi ile, hupiga kama risasi na kupeleka wimbi la mshtuko ndani ya chuma. Inasimuliwa kwamba mwaka 1966 mmoja wao aligusa shabaha wakati risasi ya majaribio ikiipiga, akahisi kitu kama umeme mwilini ilhali ngozi yake haikupata hata mchubuko. Wimbi lilikuwa limempitia.

Ikiwa hupita kwenye nyama bila kuichana, je, likikutana na kitu kigumu ndani? Swali hilo lilifika hospitali ya chuo kikuu cha Munich, na tarehe 7 Februari 1980 Christian Chaussy na wenzake walilivunja jiwe la figo ndani ya mgonjwa aliyezamishwa kwenye beseni la maji, bila kisu. Muda si mrefu mashine hizo zilisambaa duniani.

Jambo la pili halikutafutwa. Wanyama wa majaribio walipochunguzwa, mfupa uliopitiwa na mawimbi njiani haukuwa umeharibika. Ulikuwa umeanza kujenga seli mpya. Madaktari wawili wa Bulgaria, Valchanou na Michailov, wakayaelekeza mawimbi makali kwenye mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga, na mwaka 1991 wakachapisha kwamba kati ya wagonjwa 82, waliounga walikuwa 70. Hapo fikra ikageuka. Kilichokuwa nyundo ya kuvunjia mawe kilianza kutumika kuzindua mahali ambapo mwili ulikuwa umekata tamaa ya kujitengeneza.

Kisigino kilikuwa mahali pa namna hiyo. Utando wa unyayo ukichanika kidogokidogo kwa miezi mingi, uvimbe wa mwanzo huondoka, damu hupungua, na nyuzi hubaki zimevurugika. Mwenye maradhi hayo hujitambua asubuhi: anaposhuka kitandani, hatua za kwanza ni kama kukanyaga msumari, akitembeatembea hupata nafuu, kisha jioni maumivu humrudia. Kano ya kisigino iliyochakaa huwa hivyohivyo. Mwezi Oktoba 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya mawimbi kwa ajili ya kisigino, na tangu hapo matibabu yameenea katika vyumba vya fiziotherapia.

Mashine za siku hizi hazihitaji beseni. Nyingi hutumia hewa iliyoshindiliwa inayorusha kijichuma ndani ya bomba kama la bastola. Kijichuma hugonga kichwa cha kifaa, na pigo hilo hupita kwenye jeli hadi kwenye nyama. Mgonjwa hulala kifudifudi, mtaalamu hutafuta kwa kidole mahali panapouma hasa, kisha huanza. Mlio wake ni ta-ta-ta-ta wa haraka. Mapigo 2,000 kwa kikao ni kawaida, vikao vitatu au zaidi, wiki moja kati ya kikao na kikao. Huuma. Hakitibiwi hivyo kisigino cha mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, wala mahali penye uvimbe wa saratani, wala mtu mwenye tatizo la damu kutoganda.

Je, yanaponya? Watetezi wengine huahidi mno, na mgonjwa anayetoa fedha za mauzo ya mahindi anastahili hesabu ya kweli. Mwaka 2008 Ludger Gerdesmeyer na wenzake walichapisha utafiti wa kisigino kilichouma kwa muda mrefu: waliotibiwa kwa mawimbi ya kweli, asilimia 61 walipata nafuu ya kuridhisha, waliowekewa kifaa kisichopitisha wimbi, asilimia 42. Tofauti ipo, na kwa mtu ambaye ameshindwa kutembea kwa mwaka mzima si ndogo. Lakini watu 42 katika 100 walipata nafuu kwa muda na kwa kutunzwa. Mwaka uliofuata Jan-Dirk Rompe alichunguza kano ya kisigino: mazoezi peke yake yaliwasaidia asilimia 56 baada ya miezi minne, mazoezi pamoja na mawimbi asilimia 82. Kwa maoni yangu, mashine isiyoambatana na mazoezi ni nusu ya tiba.

Mazoezi yenyewe yalitoka Umeå, Sweden. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa na mkimbiaji, aliumwa kano ya kisigino, akaomba apasuliwe, bosi wake akakataa. Kwa hasira aliamua kuitesa kano hadi ikatike ili wasiwe na la kufanya ila kumpasua. Alisimama kwenye ngazi kwa vidole, akashusha kisigino polepole chini ya kipandio, tena na tena, akiongeza mzigo mgongoni. Kano haikukatika. Ilipona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya hivyo mara 180 kwa siku kwa wiki 12, na wote walirudi kukimbia.

Kizingiti cha mlango kinatosha kwa zoezi hilo. Begi lenye mchanga linatosha kuwa mzigo. Lakini mtazame vizuri mtu anayelifanya, kisigino kikishuka chini ya vidole huku mzigo ukimlemea, na utamwona mpagazi wa 1916 akipanda kutoka Mwaya. Mwendo ni uleule. Msuli ni uleule, kano ni ileile. Hata wimbi la mshtuko lenyewe ni jeraha dogo lililopimwa. Kinachotenganisha tiba na maumivu ni zile saa kati ya zoezi na zoezi, na ile wiki kati ya kikao na kikao, ambamo mwili huachwa ufanye kazi yake. Mpagazi alipewa mzigo; hakupewa hiyo wiki.

Kwa hiyo mtaalamu anapomaliza kikao huandika mambo matatu kwenye daftari la mgonjwa: zoezi la kizingitini, viatu vyenye soli laini mahali pa makatambuga yaliyokwisha, na kupunguza kusimama hadi kikao kijacho. Mchuma chai huyasoma mawili ya kwanza akaitikia kwa kichwa. Kwenye la tatu hunyamaza, kwa sababu analipwa kwa kilo, na kilo huhesabiwa kila jioni.